Mlango wa Nyuma Uliotuagiza

Mama,

Nyumbani nilikuita baba, kama sisi Wakisii tunavyowaita mama zetu, na walimu waliotoka pwani walitucheka mpaka wakachoka. Leo nakuandikia kwa Kiswahili, lugha yetu ya shule na ya ofisi. Nimekichagua makusudi. Nikianza kwa Ekegusii sitafika mstari wa pili, nitaweka kalamu chini nilie kama mtoto, na mke wangu atakuja kuniuliza kuna nini wakati anajua vizuri kuna nini. Kwa hiyo nivumilie, wewe uliyezoea kusema Kiswahili changu kinanuka petroli.

Nianze na lile linaloniuma. Karakana imefungwa. Nimetaka ulisikie kutoka kwangu, kwa sababu yule jirani yako wa kule chini hana nguvu siku hizi, na ninavyomjua, akifika huko habari ya kwanza atakayokupa itakuwa yetu, tena ameitia chumvi. Atakwambia mwanao alilewa. Sikulewa, Mama. Ningekuwa nimelewa ningekuwa na la kusingizia.

Unakumbuka siku za mwanzo, pale kando ya barabara hapa Mosocho, nilipokuwa na mashine moja ya kuchomelea na mti wa mkaratusi wa kufungia mnyororo? Watu walileta chasi, ile mifupa ya lori yenye injini na magurudumu tu, kama ng'ombe aliyechunwa ngozi, nasi tukaivalisha bodi: fremu ya mabomba, mabati, vioo, viti, rangi. Ulikuja na birika la chai ukasimama mbali ukiziba masikio. Ukaiita nyumba ya kelele. Miaka ikapita, ukaanza kuja bila kuziba masikio, halafu ukaanza kukaa. Kerubo, fundi wetu wa viti, alikuwa hashoni kiti cha pili kabla wewe hujakalia cha kwanza. Ulikaa, ukasogea, ukanyoosha lile goti lako bovu, kisha ukatoa hukumu. "Hiki ni cha mtu asiye na makalio," ulimwambia siku moja, na Kerubo akakifumua chote huku akicheka.

Lakini wateja hawakutufuata kwa sababu ya viti. Walifuata mlango wa nyuma, na mlango huo ulikuwa wako.

Ulitokana na mazishi ya tata, marehemu mume wako. Tulikodi basi la kumtoa mochari, na mlango wake ulikuwa mmoja tu, wa mbele, mwembamba. Sanduku halikupita. Ikabidi vijana walisimamishe wima, walizungushe karibu na usukani, ndipo likaingia. Ulikuwa nyuma yangu umeshika koti langu. "Nimemsikia akiteleza," ulisema. Basi. Hukulia wala hukulirudia neno hilo, nami nikadhani umelisahau. Mpaka siku ile ulipoweka birika chini, ukaniangalia nikipima fremu ya basi dogo, ukasema: "Wewe unaunda magari. Unda gari ambalo mtu hasimamishwi ndani ya sanduku."

Nikaliunda. Nyuma kabisa tukaweka mlango mpana wa chini, na ndani yake uchaga mrefu unaopita chini ya viti vya mwisho, ili sanduku liingie limelala na litoke limelala. Viti vya mwisho tukaviinua juu yake kama jukwaa. Siku za kawaida uchaga ulibeba mikungu ya ndizi kutoka Ogembo, au magodoro ya wanafunzi shule zikifungwa. Msiba ukitokea, ulibeba marehemu. Huku kwetu basi la shule ni la shule, lakini kila mtu anajua mwalimu mkuu hawezi kumnyima mzazi aliyefiwa. Watu walitoka mpaka Nyamira wakiulizia yule fundi wa mlango wa heshima.

Kisha ikaja ile habari. Wewe ndiwe uliyeisikia kwanza, jikoni, redio ikiongea Ekegusii na wewe ukimenya viazi. Uliniita kwa sauti nikadhani umeungua. Serikali inataka magari yaundwe hapa nchini, ulisema. Inapunguza kodi ya vipuri, inataka mabasi ya shule yajengwe na watu wa hapa ili vijana wapate kazi, na hata karakana ndogo za mashambani zitakaguliwa ziingizwe kwenye orodha ya wajenzi wanaotambuliwa. Ulikuwa umeshika kisu na kiazi nusu. "Wanakuongelea wewe," ukaniambia.

Nilicheka. Nilikuambia serikali haijui hata Mosocho iko upande gani. Lakini uliniudhi, kwa sababu uliniamsha tumaini nililokuwa nimelilaza vizuri. Nikaenda mjini Kisii kuuliza, na ikawa kweli. Walitaka banda lenye paa, sakafu ya saruji, mitungi ya kuzima moto, na basi moja la mfano lililokamilika ambalo wangelikagua. Banda la ukubwa ule halingeweza kukaa pale barabarani. Mahali pekee palipofaa ni shamba lako la ndizi, lile la kando ya nyumba.

Sikuwa na mdomo wa kukuomba. Nilizungukazunguka wiki nzima kama mbwa anayetafuta pa kulala, mpaka ukachoka kunitazama. "Kata," ulisema. "Ndizi nitanunua sokoni kama watu wengine." Ulisimama pale pale tulipoiangusha ile migomba uliyoipanda ukiwa na mimba yangu, na ulichosema ni kwamba Kerubo asisahau mkungu wake. Nikaona jinsi ulivyoshika kiuno. Nikajiambia huyu mwanamke nitamlipa kwa kazi.

Na kazi tulifanya. Yule mama mrefu, mwalimu mkuu wa shule moja ya Nyamira, alituletea chasi mpya ya shule akasema anatuamini, tuunde basi hilo liwe ndilo la mfano. Hatujawahi kuunda kitu kama kile, Mama. Nyakundi, mchomeleaji wetu ambaye huongea mashine ikiwa imewaka na ikiwa imezimwa, alinyamaza kwa ajili ya basi lile. Ulilikalia kila kiti. Ulipofika kwenye jukwaa la nyuma ulipiga sakafu kwa kisigino ukasikiliza uchaga ulio chini yako. Ukatikisa kichwa kwamba sawa.

Yule bwana wa ukaguzi alipokuja, mguu wako ulikuwa umeanza kuvimba, kwa hiyo hukumwona, na mimi sijawahi kukusimulia vizuri. Ngoja nikusimulie sasa.

Hakuwa mtu mbaya. Ningependa awe mbaya. Aliingia na salamu, akavua koti, akalala chini ya gari kwa shati lake jeupe. Alisifu mishono ya fremu. Alikalia viti vya Kerubo akauliza nani amevishona. Kisha akasema, haya, nionyesheni mlango wa dharura. Nyakundi akakimbia nyuma akaufungua ule wako kama mtu anayefungua zawadi. Yule bwana akainama, akatazama ule uchaga mrefu, akatazama viti vilivyo juu yake. "Huu ni wa nini?" akauliza. Na Nyakundi, ambaye mdomo wake hauna breki, akamwambia: "Hapo ni ya sanduku, bwana. Ya marehemu."

Yule bwana akainuka taratibu.

"Kwa hiyo marehemu ana mlango," alisema. "Na watoto? Moto ukishika, watoto wanatokea wapi?"

 Mgala muue na haki yake mpe. Tulikuwa watu wazima, wazazi wote, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameliona jambo hilo. Tulijenga mabasi miaka yote tukiwaza siku ya kurudi nyumbani kwa mara ya mwisho, tukasahau kwamba kuna siku ya kukimbia. 

Hakutufukuza. Alisema kazi yetu ni nzuri, tukate uchaga, tushushe viti, tuweke mlango mrefu unaofunguka kutoka ndani, kisha tumwite tena kabla ya mwezi kwisha, kwa sababu baada ya hapo orodha inafungwa. Ilikuwa kazi tunayoiweza. Nilikuja jikoni kukuambia. Ulisikiliza umeweka mguu juu ya kigoda; kesho yake ulikuwa uende hospitali. "Huyo mtu ana watoto?" uliuliza. Nikasema sijui. "Anaonekana anao," ulisema. Nikangoja uendelee. Ulitazama moto. "Subirini kwanza. Nikitoka hospitali tuongee."

Hukutoka hospitali, Mama. Sukari ilipanda, figo zikakataa, na nilipokuja na uji ule uliouagiza nilimkuta muuguzi akikunja shuka.

Mimi sijui kuomboleza. Wengine hulia, mimi nilihesabu mabomba. Nilikuwa nikisimama katikati ya banda nahesabu mabomba, nikipoteza hesabu narudia. Unajua desturi yetu: boma likiwa na maiti ambayo haijazikwa, jembe haliingii shambani. Na banda letu liko bomani, penye migomba yako, kwa hiyo mashine nazo zilinyamaza. Dada Nyaboke alikuwa Saudia akingoja mwajiri wake amruhusu, na hatungeweza kukuzika bila yeye. Tukangoja. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mwezi ulikuwa ukikatika.

Nitakuambia kitu ambacho hata Nyaboke hajui. Asubuhi moja niliwaita wafanyakazi nikawaambia tukate ule uchaga kimyakimya kwa misumeno ya mkono, desturi itatusamehe, kwa kuwa muda unaisha na kazi ya kila mmoja wao imo ndani ya orodha ile. Nilidhani watashukuru. Nyakundi alivua kofia. "Mkubwa," alisema, "hii mlango haikatwi mpaka mama apite." Nikamwambia ajue anachokisema, tukichelewa tumekwisha. Akasema anajua. Nikamgeukia Kerubo, mwenye watoto shuleni na mume asiye na kazi, nikitumaini angalau yeye ana akili. "Hata mimi nakataa," alisema. "Mama amekalia viti yangu yote. Aende na yeye akae vizuri." Nikawatazama wengine mmoja mmoja. Kila niliyemtazama alitazama chini, lakini hakuna aliyeshika msumeno.

Walijua, Mama. Hilo ndilo nataka ulielewe. Baadaye watu wasio wa huku walisema tulichelewa kwa ujinga, eti Wakisii na mazishi yao. Hatukuchelewa kwa ujinga. Wale watu walisimama pale wakiwa na akili zao timamu wakakuchagua wewe.

Nilipiga simu ofisini. Sauti ya mtu nisiyemjua ikasema poleni sana, malizeni mazishi, tutaona. Nikalishika lile tutaona kama cheti.

Nyaboke akafika. Mwalimu mkuu wa Nyamira akasema lile ni basi la shule yake na ameruhusu, mpelekeni mama nyumbani. Pale mochari walitaka kukuinua kwa mbele, kama walivyozoea, na Nyakundi akawaambia zungukeni nyuma. Uliingia umelala. Akina mama wa kanisa wakaanza kuimba, nami nikapanda nikakaa kwenye jukwaa, juu yako kabisa. Barabara ya Mosocho unaijua ilivyo na matuta. Kila tuta nilitega sikio. Sikusikia kitu. Hukuteleza hata kidogo, Mama, toka mjini mpaka mlangoni kwako. Ile ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya maishani mwangu, na sina pa kuionyesha.

Tulikuzika. Siku iliyofuata Nyakundi aliukata uchaga. Hakuniita nisaidie. Alipomaliza alikaa na ile miwani nyeusi ya kuchomelea usoni kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka, na sisi wengine tukajifanya tunatafuta spana. Tukashusha viti, tukaweka mlango mrefu wenye mkono mwekundu unaofunguka kwa ndani. Ni mlango mzuri. Kerubo alimwita mtoto wake mdogo aujaribu, akaufungua kwa mkono mmoja akaruka chini akicheka. Nilipomwona yule mtoto akiruka nilifurahi, na furaha ile ikaniuma kwa namna ambayo siwezi kuieleza.

Yule bwana alirudi. Alipima, akaufungua, akaufunga, akatia sahihi. Basi lilipita. Akanipa mkono na pole za msiba. Ndipo akaniambia, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la kifo, kwamba basi limepita lakini karakana haimo. Orodha ilifungwa mwezi ulipokwisha. Na haitafunguliwa tena hivi karibuni, kwa sababu mpango wenyewe umebadilishwa: mabasi ya shule sasa yatatoka kwenye viwanda vikubwa, ili ubora uwe wa aina moja na usimamizi uwe rahisi. "Mngekuja mapema kidogo," alisema. Kisha nadhani akakumbuka kwa nini hatukuja mapema, maana alitazama viatu vyake.

Asiyekuwepo na lake halipo. Walipokuwa wanaandika majina, sisi tulikuwa tunachimba kaburi.

Basi la Nyamira linatembea hadi leo. Nimeliona likipita limejaa watoto wamebandika nyuso kwenye vioo. Ila ni la mwisho. Gari jipya sasa halisajiliwi bila cheti cha mjenzi aliye kwenye orodha, na kwa hiyo hakuna mwenye chasi atakayetuletea. Tulipata kazi za viraka kwa muda: kupiga bati lililobonyea, kuchomelea lango la mtu, kurekebisha toroli. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, bila ugomvi, na hilo lilikuwa baya kuliko ugomvi. Nyakundi anaendesha boda boda. Juzi alinibeba kwenda mjini akakataa nauli, na njia nzima hakusema neno. Nyakundi, Mama! Kerubo anashona mapazia Ogembo. Nilipokwenda kumtembelea aliniambia pazia halina haja ya kukaliwa na mtu, kwa hiyo hajui kama linafaa.

Sisemi serikali haikufanya kitu. Nikiwa na hasira husema hivyo, mke wangu hunisahihisha, na ana haki. Walitaka magari yaundwe hapa, na yanaundwa. Kodi ya vipuri ilishuka. Huko mbali kuna viwanda vilivyowasha taa ambazo zilikuwa zimezimwa. Mvua ilinyesha kweli kweli, sisi tulikuwa tumepanda mahali isipofika. Hakuna mtu wa kumshika shati. Nimemtafuta usiku na mchana, huyo mtu wa kumshika shati, na kila ninayemfikia ana sababu nzuri.

Kuna siku nilikulaumu wewe. Nilikuja pale kaburini nikakuambia kwa sauti, ungesema neno moja tu. Kateni. Neno moja, pale jikoni, ulipokuwa unatazama moto. Uliona mwenyewe kwamba yule bwana ana haki, kwa nini ukasema subirini? Nilikugombeza mpaka jirani akachungulia juu ya ua. Kisha nikainama nikang'oa magugu ili aone nimekuja kufanya kazi. Hasira haijaisha, Mama, nisikudanganye. Iko pale pale na mapenzi, hayajatengana.

Jamaa mmoja anayeleta magari yaliyotumika kutoka ng'ambo alitaka kulikodi banda ayapange humo. Nilimwambia hapana kwa lugha ambayo usingeipenda. Mke wangu akaenda kuchota maji. Baadaye watu wa kanisa lako wakaomba wafanyie humo mazoezi ya kwaya, kwa kuwa paa linarudisha sauti vizuri. Hao niliwakubalia. Kwa hiyo huko kwenye sakafu ya saruji tuliyoimwaga juu ya mashina ya migomba yako kunaimbwa sauti ya kwanza na ya pili, na waliopata riziki kwa mashine hawapo.

Sasa nikuambie kilichonifanya nikae kukuandikia leo. Nimepata kazi. Ni kwenye kimoja cha vile viwanda vikubwa, nje ya Nairobi. Nilienda kwenye usaili nikiwa nimenyoa ndevu kama mvulana anayekwenda kidato cha kwanza. Wakaniuliza nina uzoefu wa nini. Nikasema naunda mabasi. Yule binti aliyekuwa akiuliza akasema, hapana, sehemu gani ya basi? Nikafikiri. Nikasema, lote. Akaandika kitu, akasema nitawekwa kwenye raba za vioo. Kazi yangu itakuwa kupachika raba kwenye dirisha, basi linasogea, linakuja jingine. Nimeonyeshwa. Ni kazi safi, wana buti na chai ya saa nne, na kila basi linalopita mbele yako lina mlango mrefu wa watoto kule nyuma. Siwezi kusema wanakosea chochote.

Siku ile ile walitupanga sisi wageni mstari kwenye uwanja, tumevaa ovaroli mpya zenye mikunjo ya sanduku. Palikuwa na wageni waliokuja na magari ya serikali, na mmoja wao akatuhutubia kwa furaha ya kweli, nilimwona machoni haigizi. Alisema sisi ndio matunda ya juhudi zote zile, kwamba nchi inataka ajira na ajira ndizo hizi zimesimama mbele yake. Wenzangu wakapiga makofi. Wengi ni vijana, Mama, hii ndiyo mara yao ya kwanza kushika mshahara, na nani anaweza kuwachukia? Kisha tukapigwa picha. Nilisimama pale nikifikiria Kerubo na Nyakundi na wale wengine, ambao hakuna aliyekuja kuwapiga picha siku walipoondoka. Nikatafuta katika ile hotuba yote mahali walipotajwa waliopoteza kazi. Nilikuwa nimeisikiliza mpaka mwisho; hawamo.

Kwa hiyo ukikutana huko na mtu akakuambia kwamba nchi imepata kazi mpya, usimbishie. Ni kweli. Mojawapo ni mimi.

Naondoka Jumatatu. Mke wangu na watoto watabaki hapa kwanza. Kaburi lako nimelisafisha, na Nyaboke ametuma cha kununulia maua, ingawa wewe ulisema maua ni ya watu wasio na mboga. Sitakuahidi kwamba nitalifungua banda tena. Ulinikataza kuahidi nikiwa na njaa au nikiwa na uchungu, na leo nina vyote viwili. Ninaahidi kitu kimoja ninachokiweza. Binti yangu Kemunto akikua, akaulizwa baba yake alipata kazi lini, sitamwacha aitaje hii ya raba za vioo. Nitamkalisha nimwambie kwamba baba yake alikuwa na kazi, na watu aliofanya nao kazi walikuwa na kazi, na siku walipotakiwa wachague kati ya kazi hiyo na kumbeba bibi yake vizuri, walichagua bila kupiga kura. Nitamwambia pia kwamba sijui kama tulichagua vyema. Atafute mwenyewe.

Pumzika, Mama. Mguu usikuume tena.

Ni mimi Makori wako,
ajira mpya.